Katuni za Watoto na Mwanamke: Tunavyodhani na Ilivyo

Dhana: "Ni katuni tu, mtoto akishacheka anasahau."

Mtoto huanza kujitambua kuwa ni msichana au mvulana akiwa mdogo sana, wengi kabla ya kufika miaka 3. Tangu hapo macho yake yanawinda alama: nani huvaa nini, nani huamua, nani hulia. Katuni ina alama hizo tele. Mweke Minnie Mouse kando ya Mickey. Masikio ni yale yale, pua ni ile ile. Kilichoongezwa ni kope ndefu, utepe kichwani, sketi na viatu vya kisigino. Yaani panya wa kawaida ni mwanamume. Wa kike ni panya aliyepambwa. Na mtoto haangalii mara moja. Huirudia katuni ile ile hadi anasema maneno kabla mhusika hajayasema.

Dhana: "Shujaa akiwa msichana, tatizo limekwisha."

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walipima nani anaongea kiasi gani katika filamu za Disney za mabinti wa kifalme. Katika Cinderella ya mwaka 1950, wanawake walikuwa na takriban 60% ya mazungumzo. Katika The Little Mermaid ya 1989, wanaume walichukua 68%. Hadithi ni ya binti nguva, na ni binti huyo huyo anayetoa sauti yake kwa mchawi ili apate miguu ya kumfuata mwanamume! Mulan ya 1998, ambapo msichana anaingia vitani na kuokoa nchi, wanaume wana 77%. Hata Frozen ya 2013, yenye dada wawili, wanaume bado wana 59%.

Inakuwaje? Tazama wanaomzunguka shujaa. Mlinzi, muuza duka, rafiki mchekeshaji, mnyama anayeongea: hao wote hufanywa wanaume bila mtu kufikiri. Msichana mmoja jasiri anapita katika mji ambao karibu kila mwenye la kusema ni mwanamume. Mimi naona hilo lina uzito kuliko urefu wa gauni lake.

Dhana: "Katuni za zamani hazikuwa na mambo haya."

Zilikuwa nayo. Smurfette aliingia mwaka 1966 katika hadithi za Smurfs, vijitu vya buluu vya mchoraji Peyo vinavyoishi kijijini, karibu vyote vya kiume. Wenzake wanaitwa kwa tabia au kazi zao; yeye jina lake linasema tu kwamba ni wa kike. Alifinyangwa kwa udongo na adui, Gargamel, ili avuruge kijiji. Akiwa na nywele nyeusi alikuwa kero. Alipobadilishwa akawa na nywele za dhahabu, kila mmoja akamtaka. Mwaka 1991 mwandishi Katha Pollitt alitumia jina lake kuelezea hadithi zenye kundi la wanaume na mwanamke mmoja wa kusindikiza.

Dhana: "Basi tuwapige marufuku mabinti wa kifalme."

Mtafiti Sarah Coyne na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2016 juu ya watoto 198 wa umri wa chekechea. Waliozama sana kwa mabinti hao walionekana, mwaka mmoja baadaye, kushikilia zaidi michezo na tabia za "kike". Lakini watoto hao walipofuatiliwa hadi kukaribia balehe, matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa waliowapenda wakiwa wadogo walikuwa na mawazo ya usawa zaidi, wavulana wakiwemo. Kuzima televisheni, basi, si dawa. Kaa naye, uulize.

Niliwahi kukaa na mtoto wa dada yangu tukitazama Tom and Jerry za miaka ya 1940. Mle kuna mtumishi mwanamke mweusi anayeonekana miguu tu, ndara na ufagio, akifoka. Nikamuuliza, "Huyu mama anaitwa nani?" Akanyamaza, akarudisha nyuma, akatazama tena. Kisha akaniuliza, "Anko, mbona hawajamchora uso?"