Hisabati diskriti kwa njia ya mtandao: andika uthibitisho, usitazame tu

Kozi nyingi za hisabati diskriti (hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, kama namba nzima, kauli za mantiki na grafu) zinazosomwa mtandaoni zina udhaifu mmoja: mfumo husahihisha jibu, hausahihishi hoja. Ukijaza namba sahihi kwenye kisanduku unapata alama, hata kama uliifikia kwa njia mbovu. Na somo lenyewe ni hoja. Mwanasayansi wa kompyuta analihitaji ili aweze kuonyesha kwamba algoriti yake, yaani mfuatano wa hatua za kutatua tatizo, haitazunguka milele na haitatoa jibu baya kwa data yoyote ile.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, fungua mazoezi kwanza. Yatafute maswali yanayoanza na "thibitisha" au "onyesha kwamba", yenye masuluhisho yaliyoandikwa kwa sentensi kamili. Kozi ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani yenye namba 6.042J, inayopatikana bure kwenye tovuti yake ya OpenCourseWare, ina maswali ya aina hiyo. Kozi yenye maswali ya kuchagua jibu pekee itakufundisha istilahi, basi. Mimi hushauri kila saa moja ya video ifuatiwe na saa tatu za kalamu na karatasi.

Wiki za mwanzo ni za mantiki, na wengi huzipita mbio kwa kuwa majedwali ya ukweli (yanayoonyesha lini kauli ni kweli na lini ni uongo) ni mepesi. Ugumu uko kwenye "kwa kila" na "kuna". "Kila mtumiaji ana nywila" na "kuna nywila moja inayotumiwa na kila mtumiaji" ni kauli mbili tofauti kabisa, ingawa tofauti yake ni mpangilio tu. Ukanushaji nao una mtego. Kinyume cha "kila faili limehifadhiwa" ni "kuna angalau faili moja ambalo halijahifadhiwa", wala si "hakuna faili lililohifadhiwa". Ukikosea hapo, uthibitisho kwa njia ya ukinzani (kuchukulia kinyume cha kauli, kisha kuonyesha kwamba hakiwezekani) utaanza na dhana isiyo sahihi, na yote yanayofuata hayatakuwa na maana hata hesabu zikiwa safi.

Induksheni, yaani kuthibitisha kauli kwa namba ya mwanzo (msingi) kisha kuonyesha kwamba ikiwa kweli hadi namba fulani ni kweli pia kwa inayofuata, ndiyo inayoangusha watu wengi zaidi, kwa hiyo ipe muda. Chukua kauli hii: kila namba nzima kuanzia 8 inaweza kuandikwa kama jumla ya 3 kadhaa na 5 kadhaa tu. Mwanafunzi anaonyesha msingi, 8 = 3 + 5. Kisha anasema: tuchukulie inawezekana kwa namba zote kuanzia 8 hadi n, kwa n + 1, chukua jumla ya n − 2 uongeze 3. Inapendeza kuisoma, lakini ina ufa. Ijaribu kwa 10: hoja inakurudisha kwenye 7, ambayo haimo katika dhana, na kwa kweli 7 haiwezekani kabisa. Misingi inayohitajika ni mitatu: 8, kisha 9 = 3 + 3 + 3, na 10 = 5 + 5. Hatua yako ikirudi nyuma kwa nafasi tatu, kagua misingi mitatu inayofuatana.

Kosa jingine la induksheni ni kuandika "P(n) ni 1 + 2 + … + n", ilhali P(n) inapaswa kuwa kauli kuhusu n. Hiyo si kauli. Haiwezi kuwa kweli wala uongo. Kauli ni "1 + 2 + … + n = n(n + 1)/2". Wala usianze na mlinganyo unaotaka kuuthibitisha kisha ukaukata pande zote mpaka ubaki na 0 = 0. Anzia upande mmoja, ufike upande wa pili.

Kwenye kuhesabu njia, kosa kuu ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Nywila ngapi za herufi 8, zinazotumia herufi ndogo 26 na tarakimu 10, zina angalau tarakimu moja? Wengi huchagua nafasi ya tarakimu, wakaijaza, kisha wakajaza zilizobaki: 8 × 10 × 36⁷. Punguza swali hadi nafasi mbili uone. Njia hiyo inatoa 720, lakini jibu ni 36² − 26² = 620. Zile 100 za ziada ni nywila zenye tarakimu pande zote mbili, kila moja imehesabiwa mara mbili. Kwa nafasi nane, jibu ni 36⁸ − 26⁸.

Hapo ndipo kompyuta inapomsaidia anayesoma peke yake: andika programu fupi inayoorodhesha hali ndogo zote, ulinganishe na kanuni yako. Inakamata makosa mengi sana. Lakini haithibitishi. n² + n + 41 hutoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39, halafu n ikiwa 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 × 41.

Nadharia ya grafu (vitone vilivyounganishwa kwa mistari), iliyoanzia kwa mwanahisabati Euler na madaraja ya mji wa Königsberg mwaka 1736, huwapendeza wengi. Chora tu picha kwa kila swali.

Hesabu za baki zinahitaji uangalifu zaidi. Huwezi kugawanya pande mbili ovyo: 2 na 8 zina baki sawa, yaani 2, zikigawanywa kwa 6, lakini ukizigawanya kwa 2 unapata 1 na 4, ambazo hazina baki sawa. Kugawanya kunaruhusiwa pale tu kigawo kikubwa cha shirika cha kigawanyo chako na 6 kikiwa 1. Pia alama ya %, ambayo hutoa baki katika lugha za programu, kwenye Python inatoa 2 kwa −7 % 3, ilhali kwenye C inatoa −1.

Sheria hiyo ya kugawanya ndiyo inayoendesha RSA, njia ya kuficha ujumbe kwa funguo mbili, iliyobuniwa 1977. Ifanye kwa mkono: chukua 5 na 11, upate 55, na (5 − 1) × (11 − 1) = 4 × 10 = 40. Chagua 7 kuwa ufunguo wa wazi. Kwa algoriti ya Euclid (ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika kwa kugawanya mara kwa mara) tafuta kinyume chake kwa 40, yaani namba ambayo ikizidishwa na 7 hubakiza 1 ikigawanywa kwa 40; ni 23, kwa sababu 7 × 23 = 161 = 4 × 40 + 1. Ujumbe 2 unakuwa 2⁷ = 128, ambayo ikigawanywa kwa 55 inabakiza 18. Sasa pandisha 18 kwa kipeo cha 23 kwa kuzidisha mraba kwa mraba, ukichukua baki la 55 kila hatua, mpaka 2 irudi.