.gitignore haiamui kinachoingia kwenye kifurushi
Wengi wanaotengeneza viendelezi vya Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, huamini kwamba faili iliyotajwa kwenye .gitignore haitaingia kwenye kifurushi cha kiendelezi. Ni rahisi kuona wazo hilo lilikotoka, lakini .gitignore ni kwa ajili ya Git, zana ya kutunza historia ya msimbo. Kifungashaji, vsce, kina orodha yake ya faili za kuachwa nje: .vscodeignore.

Na mahitaji ya Git na ya kifurushi hupishana. Msimbo uliokusanywa, kwa kawaida folda ya out au dist, haupelekwi Git, ilhali bila huo kiendelezi hakifanyi kazi. Faili za majaribio ni kinyume chake: Git inazihitaji, mtumiaji hana haja nazo.

Kabla ya kuchapisha, andika vsce ls usome orodha ya faili zitakazoingia. Au fungua .vsix, yaani kifurushi chenyewe; ni zip tu.