Acheni Kuniuliza Nguo ya Kunyemelea Mbogo

Msimu wa uwindaji ukikaribia swali ni lile lile. Wageni, na siku hizi hata vijana wanaotaka kujifunza kazi ya kufuata nyayo, wanataka kujua wavae nini ili mbogo asiwaone. Najibu kwa mara ya mwisho. Vaa kaki au rangi ya udongo iliyochuja, kitambaa cha pamba kisicholia kikikwaruzwa na mwiba. Bluu na nyeusi acha, mbung'o wanazifuata. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mabakamabaka ya kijeshi yabaki kwenu, Tanzania raia haruhusiwi kuyavaa. Nguo zimekwisha.

Mbogo, kama wanyama wengi wenye kwato, hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kinachomshtua ni kitu kinachosogea, na umbo la mtu aliyesimama wima mahali peupe. Lakini kabla ya macho yake kuna pua, na hapo ndipo mnaponichosha, maana hakuna anayeniuliza habari za upepo.

Wamarekani waliozoea kuwinda koyote, mnyama wa kwao wa jamii ya mbwa, wananishangaza zaidi, kwa sababu wao wanajua. Koyote akisikia mwindaji akiigiza mlio wa sungura anayeteseka, mara nyingi haji moja kwa moja. Huzunguka mpaka upepo umletee harufu ya aliyeita, ndipo aamue. Mtu aliyekwisha kushindwa hivyo na mnyama wa uzito wa mbwa anafika huku na sanduku zima la nguo, halafu mfuko wangu wa majivu ya kupimia upepo anauona kama uchawi.

Majivu yachekeche, yatie kwenye soksi kuukuu, utikise. Hilo kila mtu analiweza. Tatizo ni kwamba watu hutikisa mara moja, pale gari lilipoegeshwa, kisha wanatembea saa nzima wakiamini jibu lile. Upepo wa alfajiri ni hewa baridi inayoteremka kuelekea mbugani. Jua likipanda na ardhi ikipata joto, hewa ile ile inaanza kupanda mlima. Katikati ya hali hizo mbili, kwenye saa tatu au saa nne asubuhi, upepo wa misitu ya miombo hauna mwenyewe. Unakupiga usoni, unakupiga sikioni, unatulia, halafu unakupiga kisogoni, na hapo kazi imekwisha. Tikisa kila baada ya hatua chache, na usiangalie vumbi linalotoka mkononi. Lifuate kwa macho mpaka lipotee, maana hatua kumi mbele linaweza kugeuka. Kisha tazama nyasi na majani yaliyo karibu na mbogo wenyewe. Nyuma ya kichuguu na ndani ya korongo hewa huzunguka, na upepo ulio usoni kwako huenda haufiki kule walikolala.

Vitabu vinasema upepo ukigeuka, nawe zunguka. Sawa, uwandani. Ndani ya kichaka kinene mara nyingi sina uhakika umegeukia wapi, na kuzunguka kwa kubahatisha ni kuwazungushia harufu yako kundi zima. Mimi hukaa chini au hurudi nyuma, nikangoja saa kumi jioni. Mteja aliyelipia siku zake hapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kujipaka kinyesi cha mnyama? Sikuamini. Jasho lako linabaki pale pale, limeongezewa kinyesi tu. Na njiani kwenda kwa mbogo unaweza kumpita tembo, mwenye jeni za kunusa karibu 2,000, zaidi ya mara mbili ya mbwa. Akikunusa akakimbia akipiga kelele, kila kiumbe bondeni kimeshaarifiwa.

Kuhusu sauti, mnahangaika na kijiti kilichovunjika. Mbogo wenyewe wanavunja matawi, wanakoroma, wanagongana pembe. Kijiti kimoja hakiwakimbizi. Kinachowakimbiza ni chuma kugonga chuma, zipu, mnong'ono wa binadamu, na mwendo wetu: hatua zinazolingana, tena za watu wanne mmoja nyuma ya mwingine. Mnyama anayekula hatembei hivyo. Anapiga hatua mbili, anasimama, anapiga tano, anasimama tena. Tembea kwa kukatiza namna hiyo, na simama penye kivuli au shina, usisimame uwazi. Palipochomwa moto mapema pana raha ya ukimya, ila unaonekana kutoka mbali, na kongoni aliyepanda kichuguu atakuona kabla hujamwona.

Mbogo akiinua kichwa na kukukazia macho, ganda. Usimkazie yako. Atarudisha kichwa chini kana kwamba anakula, kisha atakiinua ghafla. Ule mtihani ndio unaowanasa wengi, kwa sababu wameshapiga hatua. Ngoja mpaka ang'oe nyasi kwelikweli na mkia ulegee. Kwa kongoni sina imani hiyo. Kuna siku kuganda kunasaidia, na kuna siku naona kama kunamthibitishia tu kwamba pale pana simba.

Na ukifika mita sabini, mbogo majike wakawa wamemkinga dume unayemtaka, usilazimishe risasi. Rudi kwa njia uliyojia, kwa uangalifu ule ule wa kwenda, bila kuinuka na kuanza kuongea kwa sababu eti imeshindikana. Kundi ambalo halikukujua litakunywa maji jioni pale pale, na kesho nyayo zake utazikuta mbichi.