Maswali na Majibu: Guduchi na Kinga ya Mwili

Guduchi ni mmea gani?

Ni mmea utambaao wa India, wenye majani ya umbo la moyo, ambao hupanda juu ya miembe na miarobaini. Wahindi wengi huuita giloy, na jina lake la kisayansi ni Tinospora cordifolia. Shina lake hukatwa vipande na kuchemshwa, kisha maji yake machungu hunywewa. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huuweka katika kundi la rasayana, yaani dawa za kuujenga mwili, na ndiyo sababu watu wengi waliukimbilia wakati wa janga la UVIKO-19.

Je, ni kweli kwamba unaamsha kinga?

Maabara inaonyesha hivyo. Watafiti walitenga kutoka kwenye shina aina ya kabohaidreti waliyoiita G1-4A, wakaiweka pamoja na makrofeji, seli za kinga ambazo humeza vijidudu. Seli hizo zilianza kutoa kemikali za tahadhari kana kwamba zimekutana na bakteria, kwa kuwa kabohaidreti hiyo huvigusa vipokezi vilevile vinavyotambua utando wa bakteria fulani. Matokeo haya hayafai kubezwa, ingawa seli iliyo kwenye kisahani haina tumbo wala ini, na haituambii mtu anywe kiasi gani.

Basi kinga ikiamshwa, kuna ubaya gani?

Swali hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu tangazo la "kuongeza kinga" hunyamaza hapo. Kinga iliyochochewa inaweza kuushambulia mwili wenyewe. Mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa 6 walioumia ini baada ya kutumia guduchi, na vipimo vilionyesha dalili zinazofanana na ugonjwa ambao kinga hulishambulia ini. Mwaka uliofuata ilitoka ripoti nyingine ya wagonjwa 43 kutoka vituo mbalimbali vya India. Wizara ya AYUSH, inayosimamia tiba za jadi nchini humo, ilipinga, ikisema kwamba guduchi ni salama na kwamba huenda watu waliichanganya na Tinospora crispa, ambayo hufanana nayo. Hata hoja hiyo ikikubaliwa, mnunuzi wa unga uliokwisha kusagwa hana namna ya kuitofautisha mimea hiyo miwili.

Na dawa za Ayurveda zinazouzwa mtandaoni?

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulipima dawa 193 na kukuta metali zenye sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki, katika takriban moja kati ya kila tano.

Nani ajihadhari?

Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye lupasi au ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, na aliyepandikizwa kiungo, ambaye anameza dawa za kuituliza kinga ileile. Mtu yeyote anayetumia guduchi akiona macho yamegeuka manjano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, aiache mara moja na aende hospitali akiwa na pakiti yake mkononi, kwa sababu daktari asiyeiona anaweza kutafuta virusi vya homa ya ini peke yake.