Vichwa Saba vya Mnyama Vilitoka Wapi?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuendesha semina ya siku mbili katika usharika mmoja, mada ikiwa Ufunuo wa Yohana. Siku ya kwanza, hata chaki sijaiweka chini, mama mmoja wa benchi la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nina jambo moja tu. Huyu mnyama wa sura ya 13, vichwa saba vyote hivyo ni vya nini?"

Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa zuri kuliko somo nililokuwa nimeandaa. Nikamwambia, "Mama, Ufunuo tuuache kidogo. Fungua Danieli 7 utusomee, sisi huku tunahesabu."

Akasoma. Wanyama wanne wanapanda kutoka baharini. Wa kwanza ni kama simba mwenye mabawa ya tai: kichwa kimoja. Wa pili kama dubu: viwili. Wa tatu kama chui, naye ana vichwa vinne: tumefika sita. Wa nne hana wa kumfananisha naye, meno ya chuma, pembe kumi: saba. Pembe nazo ni kumi, kwa kuwa wale watatu hawakutajiwa hata moja (ile ndogo inayochipuka baadaye niliwaambia tuiache kwanza). Kisha mama akarudi Ufunuo 13, safari hii akisoma polepole. Mnyama anatoka baharini. Pembe kumi, vichwa saba. Mfano wa chui, miguu ya dubu, kinywa cha simba. Akanyamaza, akainua macho. "Kumbe amewashona pamoja!"

Nimefundisha Agano la Kale muda mrefu, na sijapata namna fupi zaidi ya kueleza kitabu hiki. Yohana ni fundi cherehani. Kitambaa chake karibu chote kimetoka kwa manabii wa Israeli, na anayetaka kujua fundi alikusudia nini aangalie alikata wapi, alipunguza wapi na alitia kiraka wapi. Tatizo ni kwamba yeye hatoi risiti. Mathayo akimtumia nabii anasema waziwazi kwamba jambo fulani lilitukia ili neno la nabii litimie. Ufunuo, katika aya zake mia nne na ushee, hausemi hata mara moja "kama ilivyoandikwa". Anayesoma bila kumjua Ezekieli anadhani kila kitu kimeshuka kutoka mbinguni kikiwa kipya.

Turudi kwa wanyama. Danieli aliwaona wakifuatana, kila mmoja ufalme wake, huyu akiondoka yule anaingia. Wataalamu walio wengi wanaona kwamba maono hayo yaliandikwa wakati wa mateso ya mfalme Antioko Epifane, aliyelitia unajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Yohana anaandika karibu miaka 250 baadaye, akiwa kisiwani Patmo. Askofu Ireneo wa Lyon, aliyeandika karibu mwaka 180, anasema ilikuwa mwishoni mwa utawala wa Kaisari Domitiano, aliyetawala kuanzia 81 hadi 96. Kwa Yohana, falme hazifuatani tena. Simba, dubu na chui wote wamo ndani ya Rumi, dola iliyotawala zama zake, kwa wakati mmoja. Tena amewapanga kinyume: Danieli alianza na simba, yeye anaanza na chui. Mimi naona ni jicho la mtu anayetazama nyuma, aliye karibu anamwona kwanza.

Hapa niwakumbushe jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawalipendi. Katika Biblia ya Kiyahudi, Danieli hayumo kati ya Manabii kabisa. Amewekwa kwenye Maandiko, pamoja na Zaburi na Esta, na sura yake ya 7 haiko kwa Kiebrania bali kwa Kiaramu. Ni sisi Wakristo tuliompandisha na kumkalisha baada ya Ezekieli. Kwa hiyo nikisema "manabii wa Kiebrania" wakati nina Danieli mkononi, ulimi unanitereza kidogo, mnisamehe.

Mwenye kitambaa kingi mno hata hivyo ni Ezekieli. Huyu alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka kwenda Babeli, na mwaka 593 KK, kando ya mto Kebari, aliona gari la enzi likibebwa na viumbe wanne wenye uhai. Kila mmoja ana nyuso nne: ya mwanadamu, ya simba, ya ng'ombe na ya tai. Mabawa manne manne. Pembeni mna magurudumu, na magurudumu hayo yamejaa macho. Sasa fungua Ufunuo 4. Wenye uhai ni wanne vilevile, lakini nyuso zimegawanywa, kila mmoja amepewa ya kwake. Magurudumu yametupwa, macho yamebaki, yamehamia kwa wenye uhai wenyewe. Na mabawa? Sita sita. Hayo si ya Ezekieli, ni ya maserafi, viumbe wa mbinguni wa Isaya 6, na pamoja nayo umekuja wimbo wao: Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu. Mshono unaonekana kabisa ukikaribia.

Kwa nini magurudumu yaondoke? Ezekieli aliyahitaji. Alikuwa uhamishoni, na habari kubwa kwake ilikuwa kwamba enzi ya Mungu inaweza kusafiri, haikufungwa Yerusalemu. Yohana anawaandikia watu ambao wanaona kila siku kiti kingine kikitawala dunia, cha Kaisari. Anachotaka waone ni kiti ambacho hakisogei.

Kuanzia hapo picha hiyo iliendelea kutembea bila wenyewe. Ireneo aliwagawa wenye uhai kwa Injili nne, na kwake simba alikuwa Yohana, tai alikuwa Marko. Baadaye ukazoeleka mgawanyo wa Jeromu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini: mwanadamu kwa Mathayo, simba kwa Marko, ng'ombe kwa Luka, tai kwa Yohana. Ndiyo maana makanisa mengi ya Kianglikana yana tai wa shaba au wa mbao aliyebeba Biblia mgongoni. Ndugu zetu wa Ethiopia wamekwenda mbali zaidi, wenye uhai wanne wana sikukuu yao kanisani. Yote hayo yameanzia kwa mateka mmoja kando ya mto wa Babeli.

Wapanda farasi wanne wa Ufunuo 6 nitawapitisha haraka maana wanajulikana. Rangi zimetoka kwa Zekaria, sura ya 1 na ya 6, ambako farasi hao ni doria tu wa Bwana wanaozunguka dunia. Silaha zimetoka Ezekieli 14: upanga, njaa, wanyama wakali, tauni. Na picha ile maarufu ya mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer ya mwaka 1498, wanne wakishuka bega kwa bega, haiko hivyo kwenye maandishi. Huko wanatoka mmoja mmoja, kila muhuri wa kitabu unapofunguliwa na wake.

Sura ambayo mimi nairudia kila mwaka ni ya 18, kuanguka kwa Babeli. Babeli hapa ni Rumi, mji wa vilima saba, na jina hilo lilimstahili kwa sababu moja nzito: Babeli iliteketeza hekalu mwaka 586 KK, Rumi ikaliteketeza tena mwaka 70. Kilio cha "umeanguka, umeanguka" ni cha Isaya 21. Jiwe linalotupwa baharini ni la Yeremia 51, ambako kitabu kilifungiwa jiwe kikazamishwa mto Frati. Lakini wafanyabiashara wanaolia wametoka Ezekieli 27, na hapo ndipo pa kukaa.

Ezekieli 27 ni maombolezo juu ya Tiro, mji wa bandari. Nabii anauchora mji kama jahazi: mbao za mberoshi, mlingoti wa mwerezi, matanga ya kitani ya Misri. Kisha anaorodhesha shehena, nchi baada ya nchi: fedha, chuma na bati kutoka Tarshishi, pembe za ndovu na mpingo, ngano, asali, mafuta, mvinyo, sufu. Mwishoni jahazi linazama, mabaharia wanajitupia mavumbi vichwani na kuuliza ni mji gani uliofanana na Tiro. Mtu wa Lamu au Bagamoyo anaisoma sura hii bila kuhitaji mkalimani.

Yohana anachukua vilio vyote vitatu, vya wafalme, vya wafanyabiashara na vya mabaharia, mavumbi yao na swali lao, halafu anaandika upya orodha ya mizigo kulingana na soko la zama zake. Vitu karibu 30: dhahabu, lulu, hariri, vyombo vya pembe, marimari, mdalasini, iliki, ubani, divai, unga. Si orodha ya kubuni. Katika karne hiyohiyo ya kwanza, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari za Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Anafika mpaka Rapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu hii, na kutaja bidhaa zake: pembe za ndovu kwa wingi (eti hazifikii zile za Aduli, bandari ya Bahari ya Shamu), pembe za faru, magamba ya kasa. Kwa hiyo neno "pembe" katika Ufunuo 18 lina harufu ya huku kwetu.

Mwisho wa orodha ndio unaonifanya niishushe sauti darasani. Baada ya ng'ombe, kondoo, farasi na magari, Yohana anamalizia na miili na roho za wanadamu. Watumwa. Nao pia wamo kwa Ezekieli, aya ya 13, karibu na mwanzo, wamechanganywa na vyombo vya shaba kama bidhaa nyingine yoyote. Yohana amewatoa pale, amepitisha shehena nzima, akawaweka mwishoni kabisa. Hakuongeza hukumu wala ufafanuzi. Amehamisha neno tu, na sasa huwezi kufunga orodha bila kuwapitia wao.

Jambo hilohilo liko kwenye alama ya mnyama, ingawa hapa huwa nasikilizwa kwa shida. Mwaka 2019, Kenya ilipokuwa ikisajili watu kwa Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, nilitumiwa ujumbe kwa simu mfululizo: je, ndiyo 666? Baadaye ikawa chanjo. Majibu yangu yalikuwa yaleyale, nendeni Ezekieli 9. Huko mtu mwenye kidau cha wino anapita Yerusalemu akiwatia alama kwenye vipaji vya nyuso wale wanaougua na kulia kwa ajili ya maovu ya mji. Kiebrania kinasema atie *tav*, herufi ya mwisho ya alfabeti yao, ambayo kwa mwandiko wa kale ilikuwa mistari miwili iliyopishana. Ufunuo 7 unaichukua na kuifanya muhuri wa Mungu. Sura ya 13 inaigeuza: mnyama naye anajitengenezea ya kwake, mwigo wa bandia. Swali la Yohana ni wewe ni mali ya nani na unaulilia nini mji wako. Kadi ya plastiki haijibu swali hilo kwa niaba yako.

Nzige je? Mwanzoni mwa 2020, makundi yalipotanda Kenya kuliko wakati wowote katika miaka 70, niliulizwa pia kama ni wale wa Ufunuo 9. Wale wa kweli ni wa Yoeli: wana meno ya simba, sura ya farasi, mshindo wa magari ya vita, na wanakula mpaka gome la mtini linabaki jeupe. Aliyeona shamba baada ya kundi la kilomita moja ya mraba, ambalo linaweza kuwa na nzige milioni 80, anajua Yoeli hakutia chumvi. Yohana amebakiza meno, farasi na mshindo, akaongeza mkia wa nge, kisha akatoa amri ya ajabu: wasiguse majani. Nzige asiyekula majani si nzige wa shambani tena, na fundi ametuonyesha mwenyewe kwamba ameukata uzi.

Nimalizie na mahali ambapo Yohana anatofautiana waziwazi na mwalimu wake. Ezekieli anafunga kitabu kwa sura tisa za hekalu jipya, akipima malango, vyumba, nyua, madhabahu, dhiraa kwa dhiraa. Ni kuhani, anajua kazi yake. Katika sura ya 44 anaweka sharti kwamba mgeni asiyetahiriwa asikanyage patakatifu. Yohana naye anapelekwa mlimani, anakutana na malaika mwenye fimbo ya kupimia, mji una malango kumi na mawili kama ule wa Ezekieli. Msomaji anayemjua Ezekieli anangoja hekalu. Yohana anaandika kwamba hakuona hekalu ndani yake. Na malango hayafungwi, mataifa yanaingia na utukufu wao. Hilo amelitoa Isaya 60. Amemtumia Isaya kufungua mlango ambao Ezekieli aliufunga.

Kisha unakuja mto. Kwa Ezekieli 47 unatoka chini ya kizingiti cha hekalu, unazidi kina mpaka hauvukiki, kandokando yake miti isiyokauka, matunda kila mwezi. Matunda ni chakula, anasema, na majani ni dawa. Yule mama wa semina ndiye aliyetusomea aya hiyo siku ya pili, na safari hii hakungoja niulize. Aliweka kidole kimoja kwenye Ezekieli, akafungua Ufunuo 22 kwa mkono mwingine, akasoma: majani ya mti huo ni ya kuwaponya mataifa.

"Mwalimu," akasema, "hili 'mataifa' huku kwa Ezekieli halipo."

Halipo, mama.