Shuu: donge linaloumuka kwa maji

Kaimati huumuka kwa hamira, keki kwa beking pauda. Shuu, lile donge la Kifaransa la eklea na mipira ya krimu, haina hata kimoja. Kinachoiinua ni mvuke: maji ya ndani yakichemka husukuma ganda, na yai likiiva hulishikilia hapo hapo likiwa na uwazi katikati. Ndiyo maana karibu kila kosa la shuu ni kosa la maji.

Mimi hutumia maji ml 250, siagi g 100, unga mweupe wa ngano g 150, chumvi nusu kijiko cha chai, mayai 4 na la tano kando. Atta iache kwa chapati. Majarini inafaa, ila utamu wa siagi utaukosa.

Siagi ikate vipande vidogo. Ikichelewa kuyeyuka, maji yanachemka na kupungua kabla unga haujaingia, na hapo vipimo vimeshaharibika. Ikishayeyuka yote, chemsha kwelikweli, epua, mimina unga wote mara moja, kisha songa kwa mwiko kama sima. Rudisha kwenye moto mdogo dakika 2 au 3, hadi utando mwembamba ushike chini ya sufuria. (Sufuria isiyoshika haitaonyesha utando, angalia donge likijikusanya na kung'aa.)

Sasa lipoe. Kwa joto la Mombasa, wakati wa kaskazi hasa, litandaze kwenye bakuli pana, maana likiachwa sufuriani halipoi upesi, na yai likikutana na donge la moto linaiva vipande vipande. Kidole kikivumilia ndani yake, tia yai moja moja. Donge litakatikakatika na kuteleza. Usiogope, endelea kusonga litashikana.

Idadi ya mayai usiiamini sana. Ya kienyeji ni madogo, ya kisasa makubwa. Piga la nne na la tano pamoja, uyatie kidogo kidogo. Inua mwiko: donge lining'inie mfano wa ulimi uliochongoka, bila kudondoka haraka. Likiwa rojorojo, unga mkavu hauliokoi. Songa nusu kipimo kingine bila mayai, uchanganye kidogo kidogo.

Kamulia vidonge vya sentimita 4, ncha uzilaze kwa kidole chenye maji. Oka nyuzi 200 dakika 15, kisha 180 dakika 20 hadi 25. Mlango usiguse: ganda bichi likipigwa na baridi linanywea. Oveni ya gesi inayowaka chini tu huunguza makalio ya shuu, kwa hiyo pandanisha trei mbili. Rangi ya kahawia iingie hadi kwenye nyufa. Zikiwa nyeupe, zitasinyaa mezani. Toboa kila moja ubavuni, zirudishe oveni iliyozimwa dakika 10, mlango wazi kidogo.

Unyevu wa pwani hulainisha ganda kwa saa chache tu. Zipashe nyuzi 160 kwa dakika 5, zipoe, ndipo ujaze. Krimu ya kupiga huyeyuka upesi huku; kastadi nzito ya iliki inastahimili zaidi, lakini nayo ina maji yake. Za futari huoka mchana, nikajaza saa kumi na mbili jioni, si kabla.