Kundi la 29A: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukipeleka kompyuta iliyojaa virusi kwa fundi, iwe Kariakoo au River Road, hutakosa kuisikia kauli hii: "Hawa hawa wenye antivirasi ndio wanaotengeneza virusi, wapate kutuuzia dawa." Nyingine tumezipata kwenye filamu, ambako mwandishi wa virusi ni jitu lililojifungia chumba cha giza, lina chuki na dunia nzima, na linahamisha mabilioni kwa kubonyeza vitufe viwili. Badala ya kubishana hewani, ni afadhali tuchukue kundi moja la waandishi wa virusi lililojulikana na kuacha maandishi yake lenyewe, tuone lilifanya nini hasa.

Kundi hilo ni 29A. Lilianza Hispania mwaka 1995, likiongozwa na mtu aliyejiita Mister Sandman. Wenyewe walikutana kwenye BBS. Kwa waliozaliwa baada ya intaneti kuenea: BBS ilikuwa kompyuta ya mtu, mara nyingi nyumbani kwake, iliyounganishwa na simu ya mezani kwa modemu. Ukiipigia unaingia, unaacha ujumbe, unapakua mafaili, unakata simu kabla bili haijakuumiza. Desemba 1996 walitoa toleo la kwanza la jarida lao la kielektroniki, nalo likaitwa 29A. Kabla kundi halijafa yalitoka matoleo manane.

"Hao walikuwa waabudu shetani, jina lenyewe linasema"

Jina linasema 666, hilo kweli. Lakini linalisema kwa hesabu ya heksadesimali, ile ambayo waandishi wa programu huitumia kila siku, yenye tarakimu 16 badala ya 10: baada ya 9 inakuja A, ambayo ni kumi. Piga mwenyewe: 2 mara 256 ni 512, 9 mara 16 ni 144, ongeza 10. Jumla 666. Ni utani wa vijana wa miaka ya tisini waliopenda muziki mzito na picha za kutisha, na zaidi ya hapo ni fumbo la kumchuja asiyejua hesabu hiyo. Ibada hakuna.

"Ndio walioanzisha mambo haya"

Walichelewa sana. Brain, kirusi kilichoandikwa Lahore, Pakistani, kilikuwa kinazunguka kwenye diski za floppy tangu 1986. Sofia, Bulgaria, kulikuwa na mwandishi wa virusi aliyejiita Dark Avenger mwishoni mwa miaka ya themanini, na mwaka 1990 jiji hilo hilo lilipata BBS ya kubadilishana virusi waziwazi. Amerika ya Kaskazini yalikuwapo makundi ya NuKE na Phalcon/SKISM. Hawa wa pili walikuwa na jarida lao, 40Hex, toka 1991. Mwaka 1992 mtu wa NuKE alitoa programu yenye menyu ya kutengenezea virusi: unachagua unachotaka, inakuandikia. Australia walikuwapo kundi la VLAD, ambao mmoja wao aliandika Boza, kirusi cha kwanza cha Windows 95, kilichojulikana mwanzoni mwa 1996.

Kwa hiyo 29A waliikuta njia imeshapitwa. Walichokuja nacho ni tamaa ya kuwa wa kwanza kwenye kila mfumo mpya unaotoka, na watu wenye uwezo wa kufanya hivyo.

"Ni watoto wasio na kazi, wananakili tu"

Wanakili walikuwapo tele, na hiyo programu ya menyu ilitengenezewa wao. Ila si hawa. Mwaka 1997 Jacky Qwerty, kijana wa Peru, alitoa Cabanas, kirusi cha kwanza kuweza kuishi ndani ya Windows NT, mfumo ambao watu waliamini hauguswi. Chote kilikuwa takriban kilobaiti 3. Picha moja unayotumiwa leo kwa WhatsApp ni kubwa kuliko hicho mara kumi au zaidi.

GriYo, Mhispania, alikuja na Marburg mwaka 1998. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndipo ufundi wao ulipo. Antivirasi za wakati ule zilimtambua mgeni kwa alama: mfululizo fulani wa baiti ambao uko ndani ya kila nakala ya kirusi. Marburg ilijifunga kwa msimbo wa siri ndani ya faili ililoambukiza, na hata kile kipande kifupi cha kuufungua msimbo kikawa kinabadilika polepole, kikiandikwa upya kwa maagizo tofauti. Kinyonga gani huyo. Nakala zake hazikubaki na sura moja, na mtafuta alama akabaki hana cha kutafuta. Ilibidi kampuni za antivirasi zitegemee kompyuta bandia ndani ya programu zao, faili liendeshwe humo kwanza, lijifungue lenyewe, ndipo likaguliwe.

(Jina Marburg msomaji wa Kagera analijua kwa machungu mengine, baada ya mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2023. Ugonjwa wenyewe uliitwa hivyo kwa mji wa Ujerumani ambako uligunduliwa mwaka 1967, kutokana na tumbili walioagizwa kutoka Uganda.)

Nao hawakuwa Wahispania pekee kwa muda mrefu. Vecna alitoka Brazili, Darkman Denmark, Benny na Ratter Jamhuri ya Czech, Lord Julus Romania, Z0mbie Urusi. Wengi walifahamiana kwa majina hayo ya kujipachika tu.

"Walikuwa wanatafuta pesa"

Hii inatokana na kuwatazama watu wa zamani kwa macho ya leo. Sasa kirusi kikiingia hospitalini kinafunga mafaili na kudai malipo, kwa hiyo tunadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. 29A hawakuuza. Walichapisha kila kitu bure, msimbo chanzo (yale maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo) pamoja na maelezo ya mstari kwa mstari, na sahihi yao chini. Malipo yao yalikuwa sifa, na sifa ilikuwa na kipimo kimoja: nani katangulia.

Angalia tarehe. Windows 2000 ilianza kuuzwa tarehe 17 Februari 2000; Benny na Darkman walishatoa kirusi chake Januari, mfumo haujafika dukani. Mwaka 2001 Benny akatoa Winux, iliyoweza kuambukiza programu za Windows na za Linux kwa pamoja, na wale waliokuwa wakitamba kwamba Linux haina virusi wakapata cha kutafakari. Mwaka 2004 peke yake walitoa cha kwanza cha Windows ya biti 64, cha kwanza cha Pocket PC, yaani kompyuta ndogo ya mkononi, na cha kwanza cha kuenea kutoka simu hadi simu.

Hicho cha Pocket PC, Duts, kilikuwa na baiti 1,520 na adabu za ajabu. Kilifungua kisanduku kikamuuliza mwenye kifaa: mpendwa mtumiaji, naruhusiwa kuenea? Ukibonyeza hapana, hakiendi popote. Mwizi wa pesa habishi hodi namna hiyo.

"Kampuni za antivirasi ndizo zilizowatuma"

Turudi kwa fundi wetu. Uhusiano kati ya pande hizi mbili ulikuwapo, tena wa karibu kuliko wanavyodhani wengi, ila si ule wa bosi na kibarua. Waandishi wa 29A walikuwa na kawaida ya kuwatumia kampuni za antivirasi nakala za kazi zao mpya. Cabir, kile cha simu, ilizifikia kampuni hizo kwa barua pepe mwezi Juni 2004 kabla haijamfikia mtumiaji yeyote. Upande wa pili, wachambuzi wa kampuni hizo walilisoma jarida la 29A toleo kwa toleo, maana lilikuwa linawaambia mapema vita ijayo itapiganwa wapi. Kila upande ulimhitaji mwenzake ili aonekane hodari.

Kilichoupa uvumi nguvu ni kisa cha Benny. Baada ya kuachana na kundi, mwaka 2004 aliajiriwa na kampuni moja ya programu nchini kwao iliyokuwa na antivirasi yake. Makelele yalikuwa makubwa, na waliolalamika zaidi walikuwa kampuni nyingine za antivirasi, wakisema mtu aliyeandika virusi haaminiki kuvizuia. Kama kweli ingekuwa kawaida yao kuwalipa watu hawa, wangemlalamikia nini?

Na hoja rahisi zaidi ni kwamba kazi haikupungua hata siku moja. Virusi vilikuwa vinakuja kwa maelfu bila kulipiwa senti. Mwenye duka la miavuli hana haja ya kununua mvua. Kama fundi wako hataki kukubali hapo, basi, lipia kazi yake uende.

"ILOVEYOU, Melissa na CIH zilikuwa zao"

Hapana. ILOVEYOU ya Mei 2000 ilitoka Manila, Ufilipino, kwa mwanafunzi aliyeiandika kwa lugha nyepesi ambayo wataalamu wa 29A wangeicheka. Melissa ya 1999 ilitoka New Jersey. CIH, iliyofuta diski na kuharibu hata chipu ya kuwashia kompyuta tarehe 26 Aprili 1999, iliandikwa na mwanafunzi wa Taiwan. Virusi vingi vya 29A havikuonekana kamwe kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida, viliishia maabara. Umaarufu wa kirusi na ufundi wake ni vitu viwili visivyofuatana.

"Basi hawakumdhuru mtu"

Hii ndiyo dhana ya mashabiki wao, na mimi naiona mbaya kuliko zile nyingine, kwa sababu inasemwa na watu wanaojua.

Marburg haikubaki maabara. Mwaka 1998 ilisafiri ndani ya CD iliyotolewa pamoja na jarida la michezo ya kompyuta la Uingereza, PC Gamer, na ndani ya CD ya mchezo wa WarGames. Watu walinunua dukani, kwa risiti, kitu kilichofungwa plastiki, na ndani mlikuwa na kirusi. Miezi mitatu baadaye skrini zao zikajaa duara jekundu lenye msalaba mweupe, ile alama ya Windows ya hitilafu kubwa.

Hybris ya Vecna ilienda mbali zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 2000 ilisambaa kwa barua pepe zilizojifanya hadithi chafu ya Snow White na vibeti saba. Ilikuwa inapakua vipande vipya vya kujiboresha kutoka kwenye kundi la majadiliano la intaneti, kila kipande kimetiwa sahihi ya siri ili mtu mwingine asiweze kuidanganya. Ufundi wa hali ya juu, na vikasha vya barua pepe vya watu vikajaa takataka kwa miezi mingi.

Hata kile ambacho hakikutoka maabara kiliandikwa kama kitabu cha mafunzo. Mwenye kuchapisha msimbo kamili na kueleza mbinu zake hawezi kunawa mikono kwa kusema yeye hakumtumia mtu. Wasomaji wake walikuwa wengi, na si wote walikuwa wachambuzi.

"Kirusi cha simu kiliingia kimya kimya kwa Bluetooth"

Cabir, kazi ya Mhispania aliyejiita ValleZ, ilihitaji msaada wako mara mbili. Kwanza simu iliuliza kama unapokea ujumbe kutoka simu ya jirani. Ukikubali, iliuliza kama unataka kuisakinisha programu hiyo. Ukikubali tena, neno "Caribe" lilitokea kwenye skrini, na simu ikaanza kutafuta nyingine ndani ya mita kama kumi, bila kupumzika, hadi betri ikaisha. Hiyo ndiyo ilikuwa hasara yake kubwa. Tena nakala ya kwanza ilikuwa na kasoro: ikimpata jirani mmoja inamng'ang'ania huyo huyo mpaka simu izimwe na kuwashwa.

Mbona basi ilienea? Kwa sababu ukikataa inauliza tena, na tena, hadi unakubali ili upate amani. Agosti 2005 ilizuka uwanjani Helsinki wakati wa mashindano ya dunia ya riadha, yale yale ambayo Christopher Isegwe aliiletea Tanzania medali ya fedha ya marathoni. Maelfu ya watu wamekaa bega kwa bega, simu mifukoni, Bluetooth wazi.

Ilishika simu za mfumo wa Symbian, aina ya Series 60, tu. Nokia ya tochi, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa wengi wetu, haikuwa na Bluetooth wala mlango wa kuingilia.

"Polisi ndio waliolivunja"

Polisi walimfikia mmoja mmoja. Whale, mwanachama Mrusi, alitozwa faini ya rubo 3,000 mwaka 2004, kiasi cha dola 100 hivi. Kilicholimaliza kundi ni watu kukua, kupata kazi, kuchoka. Na pembeni yao biashara ilikuwa imeingia: kuanzia 2003 hivi, virusi vikawa vinaandikwa kwa ajili ya kutuma barua taka na kuiba nywila za benki, na wenye kazi hiyo hawakuwa na haja ya jarida.

Februari 2008 VirusBuster, mmoja wa waliobaki, alitangaza kwamba alimtafuta ValleZ waamue pamoja hatima ya kundi, hakumpata, basi ameamua peke yake: 29A inastaafu. Novemba mwaka huo huo ilianza Conficker, ambayo toleo lake lililofuata liliingia hata kwa flashi na kuambukiza kompyuta kwa mamilioni. Waliokiandika kirusi hicho hawakuweka sahihi.